Ushauri: Sonata ya Carlos Gomes, tupige yote au "punda" peke yake?

Fidla ya Pili
Wakuu, habari za jioni. Tuko watano hapa Dar: fidla mbili, viola, selo na besi. Tunafanya mazoezi kila Jumamosi sebuleni kwa mpiga besi wetu, na mwezi ujao tumepewa dakika 15 kwenye tamasha dogo.

Tunajifunza Sonata ya nyuzi (muziki wa vyombo tu, bila kuimba) katika Re kubwa ya Carlos Gomes, mtunzi Mbrazili, ya mwaka 1894. Ina sehemu 4, na zote haziingii kwenye dakika hizo. Wenzangu wanataka ile ya mwisho tu, "O Burrico de Pau", yaani kipunda cha mti. Mimi sehemu ya tatu, ile ya polepole, imenikaa moyoni mpaka naiimba nikiosha vyombo. Tukate nini?

Halafu kwenye punda mkono wangu unakaza, nabaki nyuma. Nisaidieni.

Mzee wa Selo
Pigeni punda. Watu wengi watakuwa wanasikia vyombo vya nyuzi peke yake kwa mara ya kwanza, na ile inaruka, inacheka, hata mtoto anaielewa.

Binti Upinde
Shikamoo mzee, lakini hapo sikubaliani nawe. Gomes alikuwa mtu wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Alizaliwa Campinas mwaka 1836, mfalme Dom Pedro II akamsaidia kwenda kusoma Milano, na mwaka 1870 opera yake Il Guarany ikaonyeshwa La Scala, jumba la opera la huko huko Milano. Mwaka 1889 ufalme ukaangushwa, na mlezi wake akaondoka nao. Sonata hii aliiandika miaka 5 baadaye kwa ajili ya klabu ya muziki ya mji wake wa kuzaliwa, klabu yenye jina la kaka yake Sant'Anna Gomes, naye mpiga fidla. Mwaka 1896 akafariki Belém.

Sasa isikilizeni sehemu ya tatu mkijua hayo. Ni mwimbaji asiye na maneno. Fidla ya kwanza avute pumzi kabla ya kila sentensi, pumzi ya kweli, na ninyi wengine msimkimbize. Mkimtoa huyo, mnabaki na kichekesho tu, na Gomes hakuandika kichekesho.

Ushauri wangu: ya tatu, kisha punda. Kimya kile ndicho kinachomfanya punda aruke.

Fidla ya Forodhani
Mimi napiga taarabu, nota za kizungu nilijifunza ukubwani. Kuhusu mkono kukaza: unatumia upinde mrefu mno. Kwenye mbio shika eneo dogo, kama upana wa vidole vitatu, karibu na pale upinde unapojisawazisha wenyewe. Kiwiko kitulie, kifundo cha mkono kifanye kazi. Anza kwa nusu ya kasi, bila vidole vya kushoto kabisa, nyuzi wazi tupu. Mkono wa kulia ukishajua mwendo, ndipo urudishe nota. Na mwambie besi asipige kwa nguvu, yeye akizidi kuwa mzito nyote mnavutwa nyuma.

Mzee wa Selo
Binti, umenishawishi. Naongeza moja: siku besi asipokuwepo, tafuteni kwarteti (muziki wa wapigaji wanne) ya tatu ya Alberto Nepomuceno, Mbrazili mwingine, mzaliwa wa Fortaleza, 1864. Inaitwa Brasileiro, na hapo viola hakai kando.

Fidla ya Pili
Asanteni sana, wakuu. Leo nimefanya nyuzi wazi dakika 20, na kweli bega limeshuka. Jioni tukapiga ya tatu kisha punda, tukipima kwa saa ya jikoni: tumebaki ndani ya muda. Baada ya ile ya polepole hakuna aliyesema kitu. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akatuambia, "Hiyo rudieni."

Tumeirudia.