Nairobi au Dar kwa familia yenye watoto wawili? Mliokaa pande zote mbili nisaidieni

Mama Wawili (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, mume wangu Mkenya, huu ni mwaka wetu wa sita Nairobi. Nimepata kazi ya uhasibu Dar, mshahara unapungua kidogo kuliko ninaopata hapa. Mume ni fundi simu, ana kibanda chake na wateja wa kudumu. Watoto wana miaka 7 na 4. Sitafuti nchi iliyo bora, zote ni kwetu. Nataka kujua maisha ya kila siku: kodi ya nyumba, shule, makato, usafiri.

Mpangaji wa Sinza

Karibu nyumbani dada. Naanza na kodi maana hiyo utakutana nayo wiki ya kwanza. Huko umezoea kulipa mwezi kwa mwezi na amana ya mwezi mmoja. Huku wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chukua nyumba ya laki nne za Kitanzania kwa mwezi: miezi sita ni milioni mbili na laki nne, ongeza laki nne za dalali, imeshatoka milioni mbili na laki nane hujanunua hata ndoo. Muulize mwajiri wako mpya kama anaweza kukukopesha kodi na kukukata kidogo kidogo. Wapo wanaokubali, ila uliza kabla hujasaini mkataba.

Faida yake ni kwamba ukishalipa umelipa. Niliishi Umoja, Nairobi, miaka mitatu, na kila ikikaribia tarehe tano usingizi ulikuwa haunijii. Huku nalala.

Halafu kodi ya jengo ya serikali inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba, lakini umeme unanunua wewe. Mkubaliane mapema.

Wa Likoni

Mimi ni Mkenya, nimefanya kazi Dar miaka minne. Dadangu, kwa nauli Dar imetulia. Nairobi mvua ikinyesha matatu ya hamsini inakuwa mia, na utapanda tu kwa sababu watoto wanakungoja. Dar nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, haipandi na mawingu. Mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016, ingawa jioni kituo cha Kivukoni foleni ya abiria inachosha mno, hasa ukiwa na mtoto mgongoni. Tafuta nyumba karibu na kazi, hilo ni muhimu kuliko ukubwa wa sebule.

Kwenye payslip tazama hivi. Kenya unakatwa 2.75% ya SHA (bima ya afya), 1.5% ya mradi wa nyumba nafuu, na kodi ya mapato ngazi ya juu kabisa ni 35%. Tanzania ngazi ya juu ni 30%, lakini inaanza mapema sana, mshahara ukipita milioni moja tu ya Kitanzania kwa mwezi. Na NSSF, mfuko wa pensheni, kwa kawaida ni 10% yako. Usilinganishe mishahara kabla ya makato, utajidanganya.

Mwalimu wa Msingi

Kuhusu huyo wa miaka 7. Shule ya msingi ya serikali Tanzania inafundisha kwa Kiswahili hadi mwisho, kisha sekondari ni Kiingereza. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kidato cha tano na sita 2022, ingawa sare, daftari na chakula ni juu ya mzazi. Kuja huku hakutamsumbua, atazoea ndani ya muhula. Shida ni mkirudi Kenya baada ya miaka mitatu: atakuta wenzake wanasoma kila kitu kwa Kiingereza. Nimewahi kumpokea mtoto aliyehamishwa mara mbili hivyo, akawa anakaa kimya darasani karibu mwaka mzima. Naomba sana, mkija, mje kukaa.

Mpita Namanga

Wote mmemruka mume. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15, na ufundi simu umo. Faini haipungui milioni kumi, au kifungo hadi miezi sita, na kibali cha ukaazi kinafutwa. Kuoa Mtanzania hakumfanyi raia. Asije na vifaa vyake akidhani atafungua kibanda Kariakoo kama alivyofungua huko. Muone wakili wa uhamiaji kabla hajaachia kile cha Nairobi.

Na watoto: Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Wakifika miaka 18 watalazimika kuchagua.

Mama Wawili

Nimemsomea mume wangu hapa mezani. La kibanda hatukulijua, amenyamaza muda mrefu. Kile kibanda ndicho kilichotulisha mwaka niliokosa kazi, siwezi kumwambia akiache akakae ndani. Mwajiri nimemwandikia kuhusu mkopo wa kodi. Tunafikiria nitangulie mimi na mdogo, mkubwa amalize mwaka wa shule na baba yake. Mpangaji, Tabata pakoje? Nitakuja kutafuta nyumba Januari.

Mpangaji wa Sinza

Tabata pazuri, ila mabondeni karibu na Mto Msimbazi usikubali hata kwa bei ya kutupa. Januari pamekauka, kila nyumba itakupendeza. Kama unaweza, njoo masika, Aprili. Kama huwezi, tazama ukuta wa nje chini ya dirisha: maji yakishaingia huacha mstari, hata wakipaka rangi. Kisha muulize jirani, usimuulize dalali.

Mama Wawili

Asante kaka. Nitaomba kuanza kazi Mei.