Saa ya milimita ngapi kwa mkono mwembamba? Ami anatoka Maskati wiki ijayo

Kijana_wa_Chake
Assalaam alaykum jamani. Naomba ushauri wa haraka maana mtu yuko njiani. Ami yangu yupo Maskati, wiki ijayo anakuja Unguja kisha anavuka Pemba, kanambia nichague saa moja nimtumie jina na namba aninunulie huko huko. Sasa mie siwezi kuijaribu mkononi na ikishafika ndo imefika, hairudi tena. Mkono wangu mwembamba, nimepima na tepu ya fundi cherehani hapa kwenye kifundo nimepata sentimita 15.5. Wenzangu kazini wote wanavaa madude makubwa na wallahi nayapenda ila nikiazima ya mtu nikavaa naonekana nimefungwa saa ya ukutani. Ninazozitaka tatu: Casio Duro ile ya kuzamia, 44mm, Seiko 5 Sports ya 42.5mm, na G-Shock ya pembe nne DW-5600. Nimesoma sehemu wanasema mkono wa chini ya sentimita 16 usivuke 38mm. Kweli au ndo maneno ya watu? Kazini navaa shati la mikono mirefu, Ijumaa kanzu.

Yakhe_Mpole
Chukua unayoipenda, mkono wako pesa ya ami, watu wa kucheka watacheka tu hata ukivaa ya laki tano

Saa_na_Betri
Mie kazi yangu hii, nina meza Darajani, naona mikono kutwa. Hiyo ya 38mm iache, si kwamba uongo mtupu, lakini kipenyo peke yake hakikwambii kitu. Unachotaka kukijua ni urefu, yaani kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda mpaka ncha za chini. Hizo ncha zikitokeza nje ya mkono ndo saa inaonekana ya kuazima, na mkanda unaning'inia pembeni badala ya kukumbatia mkono. Halafu na wewe umepima kitu kimoja umeacha chengine. 15.5 ni mzunguko, huo utakusaidia kwenye mkanda. Sasa chukua rula ilaze juu ya kifundo kwa upana, pima pale palipo bapa tu, pakianza kuteremka simama hapo. Kuna watu wawili wote 15.5 mmoja mkono wake wa duara mwengine wa ubao, saa moja haiwakai sawa. Pima urudi hapa.

Kijana_wa_Chake
Nimepima bapa napata milimita 49, labda 50 nikijidanganya kidogo

Saa_na_Betri
Shika 49. Na usipime asubuhi, pima alasiri ukishatembea juani, kwa joto letu hili mkono unavimba na mkanda uliokutosha asubuhi mchana unabana.
Haya, Casio wenyewe wanaandika namba tatu, ya kwanza ndo urefu, ya pili upana, ya tatu unene. Duro ni 48.5 kwa 44.2 kwa 12.1. Yaani itakaa, lakini itajaza mkono wote ukingo kwa ukingo. Hiyo Seiko ya 42.5 urefu wake kama 46 hivi, ncha zake fupi na zimeinama chini, kwa hiyo inakaa vizuri kwenye mkono mdogo kuliko nyingi zilizoandikwa 40. Hapo ndo ile sheria ya 38 inapovunjika. DW-5600 imeandikwa 48.9 lakini hiyo hesabu yake nyengine, mkanda wake wa mpira unaanza kuteremka pale pale mwili unapoishia, huoni ncha. Kwa mkono wako inavalika bila tabu.

mama_Salma
Kaka angu usijitizame kwa kuinamisha kichwa wala usipige picha simu ikiwa karibu na mkono, simu ya karibu inakuza kila kitu. Simama mbele ya kioo kirefu mikono chini, au mtu akupige akiwa mbali kidogo. Mume wangu aliikataa saa nzuri kwa picha za namna hiyo, hata sikumuelewa.
Na kata boksi, chora vile vipimo ulivyopewa, funga na uzi mkononi uone. Bure kabisa

Mzee_wa_Baraza
Vijana mnahangaika na 44, sisi baba zetu walirudi kutoka Arabuni na saa za 34, 35, na zilikuwa saa za wanaume na heshima zao. Rolex Datejust ilipotoka mwaka 1945 ilikuwa 36mm, hakuna aliyesema ya kike. Mwanangu kwa mkono wako mwambie ami akutafutie ile Seiko 5 ndogo ya 37mm, SNK809, utaivaa mpaka uwe na wajukuu.

Kijana_wa_Chake
Shkamoo mzee. Hiyo nimeiona, nzuri, ila naona kama imepwaya sura, uso mweusi mtupu

Saa_na_Betri
Mzee kasema kweli ila kuna jambo. Saa za kuzamia zina ile duara nene inayozunguka kioo, inakula nafasi, uso unabaki mdogo, kwa hiyo 42.5 yenye duara hilo inaonekana ndogo kuliko 42 ya uso mtupu, hasa ukiwa mweupe. Ndo maana hizi za kuzamia zinawastahi wenye mikono myembamba.
Unene nao, kanzu haina neno mkono wake uko wazi, lakini shati lenye kifungo, saa ya G-Shock 13.4 itakwama kila unapokunja mkono. Kila siku utaacha kifungo wazi.

Yakhe_Mpole
Jamani na udhu je? Akifunga ya kubana maji hayafiki chini

mama_Salma
Anaisogeza tu au anaivua, lakini ndo usiifunge ya kunyonga. Kidole kidogo kipite chini ya mkanda basi. Na ngozi usichukue, kwa jasho letu inanuka kabla ya Ramadhani. Chuma au nailoni. Rangi ya dhahabu muulize maalim wako sio sisi.

Kijana_wa_Chake
Nimekata boksi kama dada alivyosema. Duro inafika ukingoni hasa, nikigeuza mkono naiona inachungulia. Seiko imebaki nafasi pande zote mbili. Naelekea huko, ya mkanda wa chuma. Ami anauliza wapunguze pingili huko huko dukani?

Saa_na_Betri
Asikubali! Mkono si wake. Aje nayo nzima, Chake fundi yeyote anatoa pingili kwa dakika chache, utoe sawa pande zote mbili ili kufuli ikae katikati chini ya mkono, na zilizotoka zichukue uzitie kwenye boksi lake, ukinenepa utazitafuta.

Kijana_wa_Chake
Nshamtumia namba. Sasa ananambia kuna nyeusi na kuna buluu. Hilo msinisaidie, tutafika Ramadhani

Yakhe_Mpole
Buluu