Kirikuu imejaa mzigo, taa imegeuka njano: nipite au nikanyage breki?

Mpakia Dagaa: Wakuu, habari za jioni. Nina miezi mitatu tangu nianze kuendesha kirikuu. Napakia dagaa Mwaloni Kirumba, nashusha Nyakato. Jana nakaribia mataa nikiwa kwenye 50 hivi, kijani inawaka, ghafla njano. Nikakanyaga breki yote. Magunia yakaja mbele yakapasua kioo cha nyuma cha kabini, na bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akaingia kwenye bampa. Mama aliyempakia alichubuka goti, nikampeleka zahanati mwenyewe. Wiki iliyopita nilipita, nyekundu ikanikuta katikati na bajaji ya upande wa pili imeshaondoka. Tulikosana kidogo sana. Usingizi umekata. Nyie wazoefu mnaamuaje?

Mzee wa Fuso: Pole sana mdogo wangu, na umefanya vyema kumpeleka yule mama. Shida ni kwamba unaamua njano ikishawaka. Amua kijani ikiwa bado inawaka. Ukiwa 50, gari inakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inaisha mguu haujagusa breki, halafu kusimama bila kurusha mzigo kunataka mita 30 na ushee. Jumla kama 45. Basi kila mataa unayopita, chagua alama umbali huo kabla ya mstari: nguzo, mwembe, kibanda cha chipsi. Njano ikikukuta hujaifikia, simama. Ukiwa umeshaipita, nenda, wala usibadili mawazo njiani. Ukiwa na mzigo au mvua ikinyesha, rudisha alama nyuma zaidi.

Mwl. Fizikia: Naongezea kwa Mzee. Mwaka 1960 watafiti wa General Motors, Gazis, Herman na Maradudin, walionyesha kwamba njano ikiwa fupi kuna kipande cha barabara ambacho dereva hawezi kusimama vizuri wala kuwahi kuvuka. Ukiwa hapo umebanwa hata kama una akili timamu. Dawa ni mwendo: kwa 30 unasimama ndani ya mita 20 hivi.

Konda Mstaafu: Kijani uliyoikuta imeshawaka tangu uko mbali, ihesabu imezeeka. Toa mguu kwenye mafuta.

Dada wa Igoma: Mimi ni abiria wa bodaboda kila siku, goti la yule mama limeniuma kama langu. Kaka, tazama kioo cha pembeni kabla hujafika, na gusa breki kidogo mapema taa za nyuma ziwake. Bodaboda anakuwa karibu mno, hana pa kukwepea. Na hayo magunia yafunge kamba, tafadhali.

Mpakia Dagaa: Asanteni sana. Kamba nimenunua leo. Alama nimeipata, nguzo ya umeme iliyopigwa chokaa chini. Nimetembea kwa miguu kutoka hapo hadi mstarini, hatua 62. Kesho alfajiri nitapita na gari tupu kwanza. Dada, yule mama nimempigia, anasema anatembea.