Moon Moon Sen: Bankura walipewa mbunge au walipewa poster?

MWANA WA MAKORORA: Wadau kuna kitu kinanikereketa. Juzi nimekaa na bi mkubwa anaangalia filamu zake za kale za Kihindi, akapita Moon Moon Sen, bi mkubwa akasema huyu si alikuwa mbunge. Kweli. 2014 chama cha Trinamool cha Mamata Banerjee kilimsimamisha Bankura, huko West Bengal, akamwangusha Basudeb Acharia, mkomunisti aliyekuwa anashinda jimbo hilo tangu 1980, mara tisa mfululizo bila kutoka. Miaka mitano tu wakamhamishia Asansol, jimbo jingine la hukohuko, akapigwa chini na Babul Supriyo, mwimbaji, kwa karibu kura laki mbili. Sa naomba tujadili kistaarabu, chama kuwaletea watu nyota wa sinema badala ya mbunge ni haki kweli?

KIJOGOO: Hao wa Bollywood wote ndo zao, wanapewa viti maalum wakae wapigwe picha.

BI NASRA: Kijogoo mwanangu, kila mada wewe ndo wa kwanza na kila mada umekosea. Bollywood ni Mumbai. Sinema za Kolkata, mji mkuu wa hiyo West Bengal, wenyewe wanaita Tollywood, kwa sababu ya Tollygunge, mtaa wenye mastudio. Na bunge la India halina viti maalum kama vyetu, sheria ya kuwatengea wanawake theluthi moja wameipitisha 2023 na uchaguzi wa 2024 haukuitumia. Moon Moon alisimama jimboni kama mwanaume yeyote na akashinda kwa kura zaidi ya 98,000. Usimpunguzie.

KIJOGOO: Sawa bibi lakini nimesema Bollywood kwa maana pana.

FUNDI SAA: Kushinda alishinda, nani kabisha. Suala alifanya nini. Bankura ni nchi kavu ile, kiangazi jua linachoma mpaka visima vinakauka, watu wa hivyo wanataka mbunge wa kupiga meza. Huyu mama siku ya kupiga kura Asansol 2019 kuna fujo, gari la Babul limevunjwa kioo, waandishi wanamuuliza unasemaje, anajibu eti chai yake ya kitandani imechelewa kuletwa ndo maana kachelewa kuamka, hajui kinachoendelea!! Mtu anayeletewa chai kitandani atajuaje habari ya ndoo kichwani?

NESI WA ZAMU: Fundi Saa samahani. Mimi nakunywa chai kitandani. Natoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, miguu imevimba, mume wangu ananiwekea kikombe cha chai ya tangawizi kwenye kistuli pembeni ya kitanda, nakunywa nimejinyoosha hata sare sijavua. Sa na mimi sijui ndoo? Nimezibeba mpaka nywele za utosini zimeota upande. Mjadili siasa bila kutukana wanawake wanaopendwa na waume zao.

FUNDI SAA: Shemeji sikukulenga wewe jamani. Nimesema mbunge.

NESI WA ZAMU: Umesema "mtu".

KIJOGOO: Mume anapika chai asubuhi?? Huyo kaka apimwe.

NESI WA ZAMU: Wewe wa kwako nani anakupikia, mama ako? Una miaka mingapi vile?

MWANA WA MAKORORA: Jamani mada ni Bankura.

BAHARIA MSTAAFU: Naomba niwatulize vijana wangu. Hiyo chai ya kitandani mnaivalisha taji bure. Mimi nimefika Kolkata na meli mara tatu, nimelala nyumba za wageni za bei ya mabaharia kabisa, na saa kumi na mbili asubuhi mlango unagongwa, mtoto kashika kikombe na biskuti mbili, hujaomba. Ni desturi tangu enzi za Mwingereza. Barabarani nako chai inauzwa kwenye kikombe cha udongo, ukimaliza unakibamiza chini kinavunjika, ndo usafi wao. Kosa la yule mama si kunywa chai. Kosa ni kuisema siku watu wanapigana.

FUNDI SAA: Mzee hapo umenena.

BAHARIA MSTAAFU: Na hiyo Bankura mnayoisema kama jangwa tu ndo kwenye kijiji cha Panchmura wanafinyanga farasi wa udongo mwekundu, shingo ndefu, masikio yamesimama kama majani. Nilimnunulia binti yangu mmoja sokoni Kolkata. Masikio na mkia wanatengeneza mbali wanakuja kuchomeka, kwa hiyo nilivyofika nyumbani sikio moja halipo. Mpaka leo yuko juu ya kabati na sikio moja.

KIJOGOO: Mbunge wao hakuwa na hata hilo moja 😂😂

BI NASRA: Tumeacha jambo zito tunacheka na farasi. Mnajua mama yake huyu ni Suchitra Sen? Mwigizaji wa kwanza wa India kupata tuzo tamasha la Moscow, 1963. Kuanzia 1978 akajifungia ndani, hakutaka kuonwa na watu, hata walipotaka kumpa Dadasaheb Phalke, ile tuzo kubwa kuliko zote ya sinema kwao, akaikataa kwa kuwa ilibidi aende Delhi kuipokea mbele za watu. Kafariki Januari 2014. Matanga hayajapoa, binti keshakuwa mgombea, na 2019 kule Asansol akawa anaomba kura kwa jina la mama yake. Mwanamke kakimbia macho ya watu zaidi ya miaka thelathini, mtoto anakuja kumtoa nje azunguke naye kwenye mikutano. Hilo ndo lililoniuma mimi, si chai.

KIJOGOO: Mimi bado nipo kwa mume wa Nesi.

MTETEZI WA HAKI: Nimesoma zote. Kuna kitu hamjakigusa. 2019 pale Bankura Trinamool walimweka Subrata Mukherjee, mwanasiasa mkongwe, si mwigizaji, na yeye akapigwa na BJP, chama cha Babul wakati ule, vilevile. Sa tatizo lilikuwa Moon Moon au upepo umegeuka? Na kama waigizaji ni mapambo, Satabdi Roy, mwigizaji mwenzake wa Trinamool, kawezaje kushinda jimbo la Birbhum 2009, 2014, 2019 na 2024? Watu hawapigi kura mara nne kwa ajili ya sura.

FUNDI SAA: Unanifundisha hesabu wewe? Mtetezi wa haki za nani? Kwanza huo upepo uliohamisha Bankura ulimwacha Satabdi kwa nini? Maana alikuwa anakaa na watu. Umenijibia mwenyewe.

MTETEZI WA HAKI: Hasira za nini sasa kaka.

FUNDI SAA: Sina hasira. Naandika kwa herufi ndogo.

BAHARIA MSTAAFU: Ila Asansol nao wana mkosi wao. Babul aliyemshinda yule mama alihamia Trinamool 2021, chama kilekile alichokipiga, kiti kikawa wazi, uchaguzi mdogo 2022 Trinamool wakamleta nani? Shatrughan Sinha. Mwigizaji tena! Na akashinda.

KIJOGOO: Huyo sasa ni Bollywood au napo nimekosea?

BI NASRA: Huyo ndiyo. Moja kati ya kumi, tunashukuru.

MWANA WA MAKORORA: Sa jamani nirudie swali langu, ilikuwa haki kwa watu wa Bankura au si haki? Ndiyo au hapana tu.

NESI WA ZAMU: Mimi naingia zamu. Fundi Saa bado nasubiri samahani yangu.

FUNDI SAA: Samahani shemeji. Hiyo tangawizi anaiponda au anaikwangua?