Naombeni ushauri: nafanya mbio za mapigo ya chini, joto la Dar linanilazimisha kutembea

Mama wa Sinza
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nakimbia na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu. Kilomita 10 namaliza vizuri, zaidi ya hapo pumzi inakata na miguu inakuwa mizito. Nataka nikimbie kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, na rafiki yangu akanielekeza kanuni ya mapigo ya moyo ya kocha Mmarekani Phil Maffetone: chukua 180, toa umri wako, usivuke hapo. Kwangu ni mapigo 139 kwa dakika.

Sasa natoka nyumbani saa 1 asubuhi, napandisha Mlimani kuelekea Chuo Kikuu, na muda si mrefu saa ya mkononi inasoma mapigo 160. Natembea mpaka ishuke, nikianza tu kukimbia inapanda tena. Wenzangu wameshaniacha mbali. Hii mbinu inatufaa sisi wa Pwani au ni ya watu wa nchi za baridi? Naombeni msaada, hizi mbio nazitaka sana.

Mzee wa Barabara
Dada, kuhusu baridi ondoa shaka. Mwanafunzi maarufu wa Maffetone ni Mark Allen, aliyeshinda Ironman ya Hawaii (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) mara 6 kati ya 1989 na 1995, na kule kuna jua kali kama la kwetu.

Ila joto kweli linapandisha mapigo. Damu nyingi inakwenda kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho linapunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma damu kidogo, kwa hiyo moyo unaongeza idadi ya mapigo. Na unyevu wa Dar haukaushi jasho, linachuruzika tu bila kukupoza. Kwa hiyo 139 ibaki 139, kinachopungua ni mwendo. Kutembea ni sehemu ya zoezi, usione aibu.

Halafu mlima huo uache kwanza. Toka saa 11 alfajiri, tafuta tambarare, mfano Barabara ya Toure kuanzia ufukwe wa Coco.

Kasi Tupu
Mimi siamini haya mambo. Mtanzania mwenzetu Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathon Tokyo 2025 kwa kufyatuka mwishoni. Mbio ni kasi.

Mzee wa Barabara
@Kasi Tupu, alifyatuka baada ya kukimbia kilomita 42, mkuu. Ili ubaki na nguvu ya kufyatuka pale, lazima kwanza uwe na mwili wa kukufikisha pale. Mwendo wa polepole ndio unaoongeza mitokondria (vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli) na mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na kuufundisha mwili kutumia zaidi mafuta ya mwilini ili sukari isiishe mapema. Dada anakwama baada ya kilomita 10, kasi ya mita 100 itamsaidia nini?

Nesi Tabata
Dada, unatumia dawa yoyote? Baadhi ya dawa za presha hushusha mapigo, na hapo hesabu ya 180 haikufai, muulize daktari wako. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama mara moja.

Pia usiiamini sana saa ya mkononi, wakati mwingine inasoma hatua badala ya mapigo. Weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Kama unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, uko sawa.

Kijana wa Mbagala
Naweka kambi hapa.

Mama wa Sinza
Asanteni sana jamani. Dawa situmii. Nitajuaje kama inafanya kazi? Na Jumamosi kikundi kikikimbia kasi, niende?

Mzee wa Barabara
Mara moja kwa mwezi, njia ileile, saa ileile, pasha mwili dakika 15, kisha kimbia kilomita 5 ukibaki kwenye 139. Andika dakika za kila kilomita. Zikipungua mwezi hadi mwezi, unajenga. Ukipima Februari ujue joto litakurudisha nyuma kidogo, usilinganishe na Julai.

Kikundi usikiache. Tangulia nusu saa, mkutane kwenye kunyoosha viungo. Ipe miezi 3 kwanza. Namba zikiacha kushuka, ndipo uongeze siku moja ya kukimbia nao kasi.