Fundi anakuchagulia bati kabla hajauliza mteremko wa paa. Hii tabia ikome!

Wakuu, nina hasira na siifichi. Nimetoka kukagua nyumba ya dada yangu. Imeezekwa juzi juzi tu, hata rangi ya kuta haijapata vumbi, na dari la sebuleni tayari lina madoa ya kahawia na bodi zimeanza kulegea.

Paa lenyewe ni lile la kuficha, lenye ukuta kuzunguka juu, ukisimama chini hulioni. Mteremko wake ni mdogo mno: kwa kila mita 1 ya mlalo, kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imepanda sentimita 9, yaani nyuzi 5 hivi. Juu yake wakapiga mabati ya mtindo wa vigae, yale mafupi yenye chembe za mawe. Bidhaa hiyo si mbaya hata kidogo, ila imetengenezwa kwa paa lililosimama, maji yashuke kwa kasi. Kwenye nyuzi 5 maji yanatambaa. Upepo ukivuma yanarudishwa juu na kupenya pale vipande vinapopandana, na kwa kuwa vipande ni vifupi, maungio yamejaa paa zima. Nilipanda darini na tochi. Papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zimelowa kwa mistari iliyonyooka, kila mstari uko chini ya maungio. Bati lililotoboka hakuna hata moja!

Fundi kaitwa, kaja na silikoni, kapaka, kaondoka. Jamani, bati ni chuma, linatanuka na kusinyaa. Bati la mita 10 likipanda joto kwa nyuzi 40 linarefuka karibu milimita 5, usiku linarudi. Hiyo silikoni inavutwa kila siku mpaka iachie. Mvua iliyofuata, maji palepale. Sasa muuzaji anasema kosa ni la fundi, fundi anasema yeye alipiga alicholetewa. Aliyeuliza mteremko ni nani? Hayupo. Dada yangu alionyeshwa picha na rangi, basi.

Hilo ndilo linaloniudhi. Swali la kwanza la kuezeka si rangi wala mtindo, ni paa limelala kiasi gani. Paa lililolala linataka bati refu la kipande kimoja kutoka juu hadi kwenye gata (mfereji wa maji ya mvua), lenye migongo mirefu, au yale yanayokunjwa kwenye maungio bila skrubu kutoboa uso wake. Paa la zege halitaki bati kabisa: linataka utando wa lami au wa plastiki usiopitisha maji, na hata hilo lazima liwe na mwinamo, angalau sentimita 1 na nusu kwa kila mita, la sivyo maji yanatuama. Vigae vya udongo na vya zege kwa kawaida vinaanza kutulia kwenye nyuzi 20 hivi kwenda juu. Nyasi na makuti vinataka nyuzi 45, kwa sababu maji yasipokimbia haraka yanazama ndani na paa linaoza. Haya si mambo ya siri. Watengenezaji wengi wanaandika mteremko wa chini kabisa kwenye karatasi ya bidhaa. Muuzaji anayo, na hakutoa!

Na uzito je? Vigae vya zege vina kilo 40 hadi 50 kwa kila mita ya mraba. Bati la kawaida halifiki hata kilo 6. Halafu unamsikia mtu anamwambia mwenye nyumba atoe bati aweke vigae, "kenchi zitahimili tu", bila kupanda juu kuangalia mbao zina unene gani na zimepishana umbali gani. Chini ya paa hilo wanalala watoto. Mtu wa namna hiyo asishike nyundo tena.

Kuhusu geji, ile namba ya unene wa bati: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 28, lakini wapo wauzaji wanaowaacha watu waamini kinyume chake. Dai unene kwa milimita, uandikwe kwenye risiti.

Wa pwani nao wanapigwa vilevile. Hewa ya chumvi inatafuna bati lenye zinki kidogo, inaanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye vichwa vya misumari. Alumini inastahimili zaidi huko, mradi isigusane na saruji mbichi wala isipokee maji yaliyopita kwenye shaba.

Dada yangu sasa analazimika kung'oa mabati mapya kabisa, kwa sababu kuinua kenchi kwenye paa la kuficha ni kubomoa na ukuta wa juu. Mafundi mliomo humu, njooni mseme wazi: ukiletewa bidhaa isiyolingana na mteremko, kwa nini unaipiga? Kwa nini hukatai? Na kama kuna mkuu aliyewahi kubadilisha vipande vifupi kuweka bati refu bila kugusa kenchi, naomba aeleze papi alizipanga vipi na maungio ya ukutani aliyafunika na nini. Tunaanza kung'oa kabla mvua hazijarudi.