Riwaya imeiva lini?

Swali: Wakuu, mswada nimeupitia mara nne na bado nabadilisha. Nitajuaje umekwisha? Kuchapisha nianzie wapi?

Jibu: Ukigeuza "akasema" kuwa "akanena", kesho ukarudisha "akasema", acha. Ufungie mwezi mzima, kisha usome kwa sauti. Ulimi ukikwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Jibu: Na wape wasomaji watatu, ndugu wasiwemo. Wawili wakichoka sura ileile, ikate.

Jibu: Mchapishaji mpelekee muhtasari wa ukurasa mmoja (taja mwisho wa hadithi, usimfiche!) na sura tatu za mwanzo, ila soma masharti yake kwanza. Anayekudai gharama zote huyo ni mpiga chapa tu. Ukijichapishia Tanzania, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) iombe Bodi ya Huduma za Maktaba kabla ya kukamilisha jalada. Msimbopau wake (ile mistari ya kusomwa na mashine) hukaa nyuma ya jalada.